Tempranillo moja, mivinyo mitatu: kinachotofautisha Rioja, Ribera na Toro

Mkuu umeuliza kwa nini chupa tatu za Uhispania ulizonunua, Rioja Crianza, Ribera del Duero na Toro, zote zimeandikwa zabibu ya Tempranillo lakini hazifanani. Ya kwanza ni laini, inanukia vanila. Ya pili ni nyeusi na ina uchachu. Ya tatu ni nzito na inakausha fizi kama bibo lisiloiva. Mchangiaji mmoja hapo juu amejibu kwamba Uhispania ni nchi ya joto na zabibu za huko hupata jua jingi, basi. Jibu hilo linapotosha. Jua lipo karibu kila kona ya Uhispania, kwa hiyo haliwezi kueleza tofauti ya chupa tatu. Vinavyotofautisha ni usiku, maji, udongo na pipa, na nitaanza na usiku kwa sababu ndio watu huusahau.

Sehemu kubwa ya katikati ya Uhispania ni uwanda wa juu, wenyewe wanauita Meseta, kati ya mita 600 na 800 kutoka usawa wa bahari. Majira ya baridi barafu inagandisha mashamba, kiangazi joto linapita nyuzi 35. Wenyeji wana msemo wao: miezi tisa ya baridi, mitatu ya jehanamu. Kila unapopanda mita 100 joto linashuka takriban nyuzi 0.6, na hewa kavu ya juu hupoteza joto haraka jua likizama. Ribera del Duero, kando ya mto Duero kwenye uwanda huo, mashamba yako mita 700 hadi zaidi ya 900. Mwezi Agosti mchana unaweza kuwa nyuzi 35 na alfajiri nyuzi 15, tofauti ya nyuzi 20 kwa siku moja.

Tofauti hiyo inafanya kazi hivi. Zabibu changa ina asidi nyingi ya maliki, ile ya tufaha bichi. Mzabibu unapopumua huichoma asidi hiyo, na kadiri hewa inavyokuwa ya joto ndivyo inavyochomwa haraka. Usiku wa baridi unapunguza kasi ya kuungua, hivyo uchachu unabaki hadi siku ya kuvuna. Mchana jua linaendelea kujaza sukari. Rangi ya ganda nayo hujengeka vizuri zaidi usiku ukiwa baridi. Kwa hiyo Ribera unapata vitu viwili ambavyo kwa kawaida haviendi pamoja: alkoholi ya asilimia 14 na uchachu wa kutosha. Chupa yako ya pili imetoka hapo.

Tempranillo inauhitaji usiku huo kuliko zabibu nyingine nyingi, kwa kuwa kwa asili yake uchachu wake si mwingi. Hunyonya potasiamu kwa wingi kutoka ardhini, na potasiamu hupandisha pH ya juisi (kipimo ambacho kikipanda, uchachu umepungua), 3.7 au zaidi ni jambo la kawaida. Inaiva mapema, wiki kadhaa kabla ya Garnacha, zabibu nyingine nyekundu ya Uhispania. Ganda lake ni nene, vichala vimebanana, ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) unaishika kirahisi, na haivumilii upepo mkali wala ukame mrefu. Ukiipanda tambarare yenye joto usiku na mchana, kama sehemu za La Mancha ambako inaitwa Cencibel, unapata mvinyo mlaini, wa bei nafuu, wa kunywa ndani ya mwaka au miwili. Si mbaya, ila usiutegemee kukaa kabatini miaka kumi. Majina yake mengine ndiyo yanayowachanganya wanunuzi: Ribera ni Tinto Fino au Tinta del País, Toro ni Tinta de Toro, Katalunya ni Ull de Llebre, na ukivuka mpaka kuingia Ureno ni Tinta Roriz au Aragonez.

Baridi ya mwinuko ina gharama yake. Msimu wa Ribera ni mfupi. Sakitu inaweza kupiga hata Mei, ikarudi tena mwanzoni mwa Oktoba kabla mavuno hayajaisha. Mwishoni mwa Aprili 2017 sakitu iliunguza machipukizi Ribera, Rioja na Bierzo (eneo la mvinyo la kaskazini-magharibi) kwa pamoja. Chipukizi la kwanza likifa, jicho la pili huchipua, lakini hubeba vichala vichache na hukomaa kwa kuchelewa, hivyo unaishia na zabibu za rika mbili kwenye shamba moja. Mkulima hujikinga kwa kuchelewa kupogoa, jambo linalosogeza kuchipua mbele kwa siku kadhaa, kwa feni kubwa za kuchanganya hewa, au kwa kuepuka kupanda mabondeni ambako hewa baridi hutuama. Kwa walio Dodoma: kalenda yenu ya kupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka haiingii huko. Mzabibu wa Uhispania unalala usingizi kuanzia Novemba hadi Machi, na mavuno ni mamoja tu.

Rioja habari yake ni tofauti. Iko kaskazini kwenye bonde la mto Ebro, na milima ya Sierra de Cantabria inazuia mvua na upepo wa Atlantiki kama ukuta. Ukisimama upande wa kaskazini wa mlima ni kijani na mvua, upande wa kusini ni mizabibu na jua. Eneo limegawanyika mara tatu. Rioja Alavesa, chini kabisa ya mlima, ina mfinyanzi wenye chokaa na tabaka jembamba la udongo. Mvinyo wake huwa na uchachu na harufu ya matunda. Rioja Alta, kuzunguka mji wa Haro, inachanganya mfinyanzi wa chokaa na ule mwekundu wenye chuma, na ndiyo chimbuko la mivinyo mingi inayokaa miaka. Rioja Oriental, iliyoitwa Rioja Baja hadi 2018, iko chini zaidi kuelekea mashariki, mita 300 hivi kwenye tambarare ya mto, ina joto na ukavu wa Mediterania, na huko Garnacha inastawi kuliko Tempranillo.

Rioja nyingi ni mchanganyiko. Tempranillo ndiyo mwili. Garnacha inaongeza alkoholi na utamu wa tunda, Graciano inaongeza uchachu na harufu ingawa inachelewa kuiva na inazaa kidogo, na Mazuelo (ndiyo Cariñena) inaleta uchachu na ukakasi. Mwaka wa baridi Garnacha inaokoa, mwaka wa joto Graciano inaokoa. Nyumba za Rioja zimekuwa zikichanganya zabibu za vijiji mbalimbali kwa sababu hiyo hiyo, na hilo ndilo linaloifanya Rioja ya kawaida ifanane mwaka hadi mwaka kuliko Ribera.

Sasa Toro. Ni mto uleule wa Duero, ila umeshuka kuelekea Ureno. Mwinuko mita 620 hadi 750, mvua milimita 350 hadi 400 tu kwa mwaka, kiangazi kikali zaidi. Udongo wa juu ni kichanga, na kichanga hicho kina historia. Filoksera, yule mdudu wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860, hawezi kutembea vizuri kwenye mchanga. Kwa hiyo Toro bado kuna mizabibu mikongwe iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe, bila kubebeshwa kwenye shina la Kimarekani. Mizabibu hiyo inazaa punje ndogo zenye ganda nene. Punje ikiwa ndogo, ganda na mbegu huwa nyingi ukilinganisha na juisi, na ukakasi na rangi vyote vinatoka kwenye ganda na mbegu. Ongeza alkoholi ya 14.5 au 15, umeshapata chupa yako ya tatu.

Hesabu ya alkoholi ni rahisi: takriban gramu 17 za sukari kwa lita moja ya juisi hutoa asilimia moja. Juisi yenye gramu 221 itafika 13, yenye gramu 255 itafika 15. Tatizo la miaka ya joto kali si alkoholi peke yake. Joto likipita nyuzi 35 mzabibu hufunga vitundu vya majani ili kuokoa maji, na kazi ya kuivisha ganda na mbegu inasimama. Punje nayo inakauka taratibu, hivyo sukari inapanda kwa kupungua kwa maji. Mpima sukari anaona sukari ya kutoa alkoholi 14 na kuamuru wavune, kumbe mbegu bado ni za kijani. Mvinyo unaotokea una moto wa alkoholi kooni na ukakasi mchungu wa mti mbichi, tena uchachu umeshuka. Akisubiri mbegu ziwe kahawia na zivunjike kwa meno, anafika 15.5 na harufu ya zabibu kavu. Wakulima wanaofuata mashamba ya juu zaidi kila muongo wanakimbia mtego huu.

Kuhusu maji: Uhispania ina eneo kubwa la mizabibu kuliko nchi yoyote duniani, lakini kwa lita za mvinyo inatanguliwa na Italia na Ufaransa. Sababu ni nafasi kati ya mizabibu. Umwagiliaji ulikuwa umekatazwa kisheria hadi 1996, basi kila mzabibu ulipewa ardhi kubwa ya kunyonya. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inatoa mizabibu 1,600 tu kwa hekta. Na haifungwi kwenye waya. Shina ni fupi, juu yake mikono mitatu au minne inafunguka kama kikombe, na kila mkono unaachiwa vijiti vifupi vya macho mawili. Majani yanaangukia pembeni na kuvipa vichala kivuli. Kwa nchi kavu ni umbo bora kabisa, isipokuwa mashine ya kuvuna haiwezi kupita juu yake, na hilo limeshasababisha mizabibu mingi ya miaka 60 na 80 kung'olewa ili kupanda ya waya. Kwa maoni yangu ni hasara isiyorudishika, maana mzabibu mkongwe wenye mizizi mirefu ndio unaohimili mwaka wa ukame bila kumwagiwa.

Turudi kwenye vanila ya chupa ya kwanza. Hiyo haitoki kwenye zabibu wala ardhini, inatoka kwenye mbao. Rioja walijifunza kukomaza kwenye mapipa ya lita 225 kutoka Bordeaux katikati ya karne ya 19. Nyumba ya mvinyo ya Marqués de Murrieta ilianza 1852 na Marqués de Riscal, kijijini Elciego, 1858. Filoksera ilipoangamiza Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux wakaja kununua Rioja, na ufundi ukakita mizizi. Ila mbao walizozipata kirahisi zilikuwa za mwaloni wa Marekani, zikija kwa meli za Atlantiki. Mwaloni huo unatoa vanila na nazi waziwazi. Wa Kifaransa unatoa karafuu, moshi, na ukakasi mwembamba zaidi. Ribera na Priorat hutumia wa Kifaransa kwa wingi, na Rioja za mtindo mpya pia.

Kazi ya pipa ina hatua zake. Zabibu zinatolewa vikonyo, zinachachuka na maganda kwa nyuzi 25 hadi 30, juisi ya chini ikipampiwa juu ili maganda yasielee na kukauka. Zikipita 32 au 33 chachu inaanza kuchoka na mvinyo unaweza kukwama na sukari ndani. Baada ya wiki moja hadi tatu, kutegemea ukakasi unaotakiwa, maganda yanakamuliwa. Halafu bakteria hugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, iliyo laini zaidi. Kazi hii inataka nyuzi 20 hivi, na kwenye ghala baridi la Ribera inaweza kulala hadi masika. Ndipo pipa. Hewa kidogo inapenya kwenye mbao, chembe za ukakasi zinashikana, zinakuwa kubwa na kutua chini. Kwenye nyumba za jadi, kila miezi sita mvinyo unahamishwa kutoka pipa hadi pipa kuacha mashapo, na kabla ya chupa husafishwa kwa ute mweupe wa mayai, kama matatu hadi sita kwa pipa. Ndiyo maana Rioja ya zamani ina rangi ya tofali, ulimi laini, na harufu ya ngozi na tumbaku.

Pipa la zamani halitoi vanila tena baada ya kutumika mara tatu au nne, linabaki kupitisha hewa tu. López de Heredia wa Haro, tangu 1877, wanapenda hivyo, tena wanaunda na kukarabati mapipa yao wenyewe. Hatari yake ni usafi. Nilisema Tempranillo ina pH ya juu. Salfa inayowekwa kulinda mvinyo inapungua nguvu kadiri pH inavyopanda, na chachu iitwayo Brettanomyces hujificha ndani ya mbao kuukuu ikila mabaki ya sukari. Ukifungua chupa ikanukia zizi la farasi au plasta ya jeraha, ni hiyo. Kidogo wengine wanaipenda. Ikifunika tunda lote, ni kasoro, hata kama muuzaji anakwambia ndio mtindo wa kizamani.

Maneno ya lebo yanakwambia muda, hayakwambii ubora. Kwa Rioja nyekundu: Crianza ni miaka miwili, angalau mmoja kwenye pipa. Reserva ni mitatu, angalau mmoja kwenye pipa na miezi sita kwenye chupa. Gran Reserva ni mitano, angalau miwili pipani na miwili kwenye chupa. Ribera inafanana na hapo. Sheria ya nchi nzima ni nyepesi zaidi: Crianza inahitaji miezi sita tu pipani, Reserva 12, Gran Reserva 18. Kwa hiyo Crianza ya Jumilla, eneo la kusini-mashariki, na Crianza ya Rioja hazilingani kwa mbao. Lebo ya nyuma ya Rioja ina rangi: kijani ni mvinyo usiofuata ngazi hizi, nyekundu Crianza, nyekundu iliyokolea Reserva, bluu Gran Reserva. Usidharau kijani. Humo kuna mvinyo mchanga wa bei ya chini, na humohumo kuna mvinyo wa shamba moja wa bei ya kutisha ambao mwenyewe hataki kufungwa na miezi ya pipa.

Kijani pia ndimo utakuta mvinyo mchanga wa Rioja Alavesa unaotengenezwa kwa vichala vizima. Zabibu zinatupwa tangini bila kutolewa vikonyo, uzito unapasua za chini, gesi inajaa, na punje za juu zinaanza kuchachuka kwa ndani zikiwa bado nzima. Matokeo ni mvinyo wa tunda tupu, ukakasi kidogo sana. Unywe ndani ya mwaka. Ukiukuta dukani una miaka minne, uache hapo.

Nje ya Tempranillo nitapita haraka, isipokuwa Garnacha na Priorat. Garnacha inavumilia ukame na upepo, inachipua mapema na kuiva mwishoni, inapanda sukari bila shida na rangi yake ni hafifu. Udhaifu wake ni wakati wa maua: mvua au baridi ikija, maua hupukutika na kichala kinabaki na punje chache. Udhaifu wa pili ni hewa. Huoza rangi na kuwa kahawia haraka, basi haitaki pipa refu. Campo de Borja na Calatayud huko Aragon zinatoa Garnacha nzito na nafuu. Milima ya Gredos, magharibi mwa Madrid, kwenye mchanga wa matale, inatoa nyepesi, ya rangi ya kupauka, yenye harufu ya maua. Ni zabibu ileile.

Priorat, Katalunya, ni mawe. Udongo unaitwa llicorella, mabamba meusi ya mwamba yanayong'aa, mteremko mkali kiasi kwamba sehemu nyingine hailimiki ila kwa nyumbu. Maji hayakai juu, mizizi inafuata nyufa chini, na mzabibu mkongwe mara nyingi haufiki hata kilo moja ya zabibu. Watawa wa Scala Dei walilima huko tangu karne ya 12, baadaye eneo likakaribia kufa, hadi watengenezaji mvinyo René Barbier, Álvaro Palacios na wenzao walipotoa mavuno yao ya kwanza ya 1989. Garnacha na Cariñena, alkoholi 14.5 kwenda juu, na bei inafuata hesabu ya ile kilo moja.

Monastrell ya Jumilla na Yecla ni ya joto na chokaa, mvua milimita 300, nyeusi, ya ukakasi, inaiva mwishoni kabisa. Ukiinusa ikitoa harufu ya kiberiti, imwage kwenye jagi nusu saa. Bobal ya Utiel-Requena ina rangi na uchachu kwa bei ndogo. Mencía ya Bierzo na Ribeira Sacra ni ya upande wa mvua, mabamba ya mawe, uchachu, alkoholi ya wastani; anayeona mivinyo ya Uhispania ni mizito aanzie hapo.

Mwisho, jaribu tena chupa zako kwa joto sahihi kabla hujahukumu. "Joto la chumba" la vitabu ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar ni 30, na kwa nyuzi 30 alkoholi ya Toro inaruka puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye ndoo ya barafu na maji dakika 10 hadi 15, au friji saa moja na nusu hivi. Mencía na ule wa vichala vizima zinataka baridi zaidi, 13 au 14. Dukani angalia kizibo: kikiwa kimesukumwa juu au kuna utando wa mvinyo uliovuja chini ya kofia, chupa ilipikwa kwenye kontena na hakuna mwinuko wala udongo utakaoiokoa. Toro fungua saa mbili kabla na uimwage kwenye jagi. Gran Reserva ya miaka 15 usiifanyie hivyo. Isimamishe wima siku nzima mashapo yatue, mimina polepole, unywe mara moja, kwa sababu harufu yake ya zamani haidumu muda mrefu kwenye hewa.